Mauzo ya Mtandaoni Hufia Inboksi

Fungua ukurasa wowote wa Instagram unaouza viatu, mikoba au vyombo vya jikoni hapa Dar es Salaam, kisha soma maoni yaliyo chini ya picha. "Bei?" "Bei gani dada?" "Mnapatikana wapi?" "Mkoani mnatuma?" Jibu, kama lipo, ni lile lile: "Njoo DM mpendwa." Ukienda huko DM unakaa saa tano bila kujibiwa, pengine siku mbili. Mwenye ukurasa wakati huo anahangaika na posti mpya, au anaongeza fedha kwenye tangazo la jana kwa madai kwamba halikuleta wateja. Wateja walikuja, aliyekosekana ni wa kuwajibu.

Hili ndilo tatizo kubwa la watu waliojiajiri kwenye masoko ya mtandaoni jijini, wawe ni mawinga wanaouza mzigo wa maduka ya Kariakoo na kuweka cha juu chao, au wale wanaolipwa na wenye maduka kuendesha kurasa. Saa zao zimekaa kichwa chini miguu juu. Kutengeneza posti kunakula asubuhi nzima kwa sababu ni kazi tamu na inaonekana. Kujibu, kuhakiki mzigo, kusafirisha na kufunga hesabu vinabanwa kwenye upenyo unaobaki. Kwa siku ya kazi ya saa tisa, posti haistahili zaidi ya saa moja na nusu. Nusu ya siku iende kwenye kujibu, na salio ligawanywe kati ya mzigo, usafiri na daftari.

Wanaoficha bei wana sababu zao, na si zote za kipuuzi. Winga anaogopa mwenzake wa fremu ya jirani asimpige chini kwa elfu mbili. Mwenye duka ana wateja wa jumla ambao hataki waone bei ya rejareja na kuanza kuuliza maswali. Wengine wanaamini kwamba maoni mengi ya "bei?" yanaisukuma posti mbele ya watu wengi zaidi, na hapo kuna ukweli kiasi. Lakini hesabu yao inaishia kwenye kuonekana. Anayeuliza bei na kusubiri ameshahamia ukurasa wa pili kabla hujafungua simu, na winga wa jirani unayemficha bei anaijua siku nyingi, maana mnachukua mzigo duka moja. Andika bei ya rejareja kwenye picha yenyewe, na kwenye maelezo uweke mstari mmoja kwamba jumla kuanzia pisi sita bei ni nyingine. Watakaokuja inboksi baada ya hapo watakuwa wachache, ila watakuwa wameshaiona bei na bado wanataka.

Siku ya kazi huanza na meseji za usiku. Watu wa jiji hili hupekua simu jioni wakiwa wamekwama kwenye foleni, halafu tena baada ya chakula, kuanzia saa 2 hadi saa 5 usiku. Kwa hiyo mwuzaji anapoamka, inboksi ina watu waliouliza saa 4 usiku na ambao waliuliza kurasa nyingine tatu usiku huo huo. Anayewajibu kabla ya saa 2 asubuhi, kabla hawajaingia kazini na kubanwa, ndiye anayewapata. Meseji hizo zisijibiwe kwa kufuata mpangilio wa simu, yaani iliyoingia mwisho kwanza. Anza na aliye karibu na kulipa: yule aliyeomba Lipa Namba jana akalala, kisha aliyeuliza saizi au rangi, kisha aliyetaja anakoishi, na mwisho kabisa wapya. WhatsApp Business ina lebo za kazi hii hii, kama mteja mpya, oda mpya, inasubiri malipo, imelipwa na oda imekamilika. Wengi wanazo kwenye simu na hawajawahi kuzigusa. Ukibandika lebo papo hapo unapomaliza kumjibu mtu, asubuhi unafungua "inasubiri malipo" peke yake na kuanza nayo, badala ya kushuka na kidole kwenye mazungumzo mia mbili ukikumbuka nani alisema nini.

Jibu lenyewe lina umbo lake. Mtu ameandika: "Mambo, hii raba bei gani?" Jibu la kawaida mitaani ni "45,000 tu karibu sana mpendwa" pamoja na maua matatu. Mazungumzo yanaishia hapo, kwa kuwa hakuna alichoulizwa mteja cha kujibu. Jibu linalouza ni hili: "Poa. Ni 45,000, ipo namba 38 hadi 42. Unavaa namba ngapi, na upo maeneo gani nikuangalizie nauli ya boda?" Bei imetangulia, mzigo umethibitishwa, na mteja amebaki na maswali mawili mepesi yanayomsogeza kwenye oda. Akijibu "41, nipo Tabata Segerea" unajua huyu ni mteja. Akinyamaza, mwulize tena mara moja tu baada ya saa kadhaa, kisha umwache. Mama mtu mzima aliyetuma sauti ya dakika mbili asikilizwe hadi mwisho, lakini bei ajibiwe kwa maandishi, kwa sababu atarudi kuitafuta na hawezi kuipata ndani ya sauti. Na hizo "mpendwa" na "kipenzi" zipunguzwe. Mzee anayetafuta pampu ya maji kule Chanika hana haja ya kuitwa kipenzi.

Majibu ya haraka ya WhatsApp Business yanasaidia sana hapa. Unaandika mkwaju na neno fupi, tuseme /bei au /tuma, na maelezo uliyoyahifadhi yanajaa yenyewe. Programu inaruhusu hadi 50, ila kumi yanatosha kabisa. Yanaharibika pale mtu anapohifadhi waraka wa mistari kumi na tano wenye historia ya duka, masharti ya kurudisha bidhaa na kurasa zote za mitandao, kisha anaumwaga kwa kila aliyesema "mambo". Salamu ya kujiendesha nayo ina kasoro ya aina hiyo. Huenda kwa mtu anayeandika mara ya kwanza, au aliyekaa siku 14 bila mawasiliano, na wengi wameiandika "Karibu, tutakujibu hivi punde". Hivi punde inayochukua saa nane si hivi punde. Salamu impe mteja kazi: "Karibu. Tuma picha ya unachotaka, saizi, na eneo ulipo." Ukifika kwenye simu, nusu ya mazungumzo imeshafanyika bila wewe.

Kabla ya kumwambia mteja yeyote "ipo", winga apige simu dukani. Picha zilizotumwa jana kwenye kundi la duka la jumla zinaweza kuwa za mzigo uliokwisha saa 6 mchana, na duka halitatuma taarifa ya kwamba umeisha. Kuuza kisichokuwepo kuna gharama tatu: unarudisha fedha pamoja na ada ya muamala, unampoteza mteja, na unaongeza mtu mmoja mjini anayesema kwamba wauza mtandaoni ni matapeli. Saa 3 asubuhi ni wakati mzuri wa kuhakiki, maduka yakiwa yamefunguliwa na wahudumu hawajazidiwa. Uliza saizi zilizobaki kwa idadi. "Zipo zipo" si jibu.

Kwenye picha tupite haraka, maana elimu hii imejaa kila mahali. Mwanga wa mlangoni kabla ya saa 4 asubuhi au baada ya saa 10 jioni unashinda taa ya bei mbaya. Video isimame, uwiano wa 9:16, sekunde kumi na tano zinatosha. Bei isikae sehemu ya chini kabisa ya video, kwa sababu huko ndiko jina la akaunti, maelezo na vitufe hufunika. Usitume picha ya bidhaa kwa mteja baada ya kuipitisha kwenye makundi manne ya WhatsApp. Kila ilipopita imebanwa, na kitambaa kinaonekana kama karatasi. Piga zako. Picha moja inapotumiwa na mawinga kumi, mteja anayeiona kwa mara ya sita hana sababu ya kuchagua wewe ila bei, na hapo mmeshaanza kukatana koo.

Sasa matangazo ya kulipia, ambako fedha nyingi hupotelea. Kosa la kwanza hufanyika siku akaunti inapofunguliwa. Ads Manager, programu ya kuendeshea matangazo ya Meta (kampuni yenye Facebook, Instagram na WhatsApp), huuliza ukanda wa saa na sarafu, na watu hubonyeza kuendelea bila kusoma. Akaunti iliyobaki kwenye saa za Los Angeles huanza siku mpya saa 4 asubuhi ya Dar es Salaam, na saa 5 majira ya baridi ya kule. Matokeo yake ripoti ya "Jumatatu" ina asubuhi ya Jumanne ndani yake, daftari lako na ripoti havikutani kamwe, na unafikia hitimisho kuhusu siku nzuri na mbaya ambalo halina msingi. Akaunti iwekwe kwenye saa za Afrika Mashariki tangu mwanzo.

Kosa la pili ni kitufe cha kusponsa posti kilicho pale chini ya picha. Kina haraka, ila mara nyingi kinanunua watu wa kupenda na kutazama, na mfumo unatoa kile ulichoomba. Ukiomba kupendwa utapendwa. Kwa biashara zinazofungwa kwenye WhatsApp, tangazo liundwe ndani ya Ads Manager likiwa na lengo la kuanzisha mazungumzo, na kitufe chake kifungue WhatsApp moja kwa moja. Eneo lipigwe kwa pini na duara la kilomita. Huna boda wa kufika Bunju? Usilipie macho ya Bunju.

Kosa la tatu ni kupasua bajeti vipande. Meta yenyewe inaeleza kwamba seti moja ya tangazo, yaani fungu lenye walengwa wake, huhitaji matokeo yapatayo 50 ndani ya wiki ili itoke kwenye kipindi cha kujifunza, ambapo mfumo bado unatafuta wa kuwaonyesha, na gharama zitulie. Tuseme mazungumzo moja yanakugharimu shilingi 800. Hamsini ni 40,000 kwa wiki, yaani kama 5,700 kwa siku kwenye seti moja. Mwenye 40,000 anayeigawa kwenye seti tano, moja ya Kinondoni, moja ya Temeke, moja ya wanawake, moja ya vijana na moja ya "wanaopenda mitindo", kila seti inapata mazungumzo kumi na hakuna inayofika popote. Na akishika kila jioni kubadili picha, bajeti au eneo, kujifunza kunaanza upya. Weka seti moja, picha mbili au tatu ndani yake, kaa siku saba mikono mfukoni. Usishtuke pia siku moja ikila zaidi ya bajeti ya siku. Mfumo unaruhusiwa kuvuka, ila kwa wiki hauzidi mara saba ya ulichoweka.

Ripoti itakuonyesha idadi ya mazungumzo yaliyoanzishwa, na hapo ndipo wengi hupiga picha ya skrini na kumtumia mwenye duka. Idadi hiyo ina watu waliobonyeza kwa bahati mbaya, wakatuma ile sentensi iliyojazwa tayari, wakaondoka. Kipimo cha kuaminika ni gharama kwa oda iliyolipwa. Chukua mfano huu: tangazo la 120,000 limeleta mazungumzo 150, waliotaja saizi na eneo ni 60, waliolipa ni 18. Kila oda imekula tangazo la shilingi 6,667. Faida ya raba moja kabla ya tangazo ikiwa 12,000, jumla ni 216,000, ukitoa tangazo unabaki na 96,000. Sasa acha tangazo lile lile, picha zile zile, ila kujibu kuwe ndani ya dakika kumi na oda zifike 27. Faida inakuwa 324,000, ukitoa 120,000 unabaki na 204,000. Zaidi ya mara mbili, na Meta haijaongezewa hata senti. Ndiyo maana inashangaza kuona mtu anatafuta mafunzo ya laki tatu ya "siri za matangazo" na ana meseji 64 hazijafunguliwa.

Tangazo kukataliwa nako kuna mpangilio. Sera za Meta haziruhusu kumwambia msomaji sifa yake ya mwili au afya, kwa hiyo "Je, una kitambi?" itarudishwa hata kama bidhaa ni halali, wakati "Mkanda wa kubana tumbo, saizi M hadi XXL" inaweza kupita. Picha za kabla na baada kwa bidhaa za kupunguza mwili hazipiti. Vipodozi vinasimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS) tangu mwaka 2019, na vyenye zebaki au haidrokwinoni ni marufuku nchini. Anayetangaza krimu asizoweza kuzisoma lebo anajitafutia kesi, achilia mbali kufungiwa akaunti. Akaunti iliyokataliwa matangazo mengi mfululizo huanza kubanwa hata kwa matangazo safi.

Malipo ya Meta kwa akaunti nyingi za hapa huhesabiwa kwa dola, kwa kadi ya benki au kadi ya mtandaoni ya simu. Meta hukata ukifikisha kiwango fulani cha deni, na kwa akaunti mpya kiwango hicho ni kidogo, hivyo makato yanakuja mara kwa mara. Salio likikosekana siku hiyo, matangazo yote yanasimama. Kadi ya matangazo iwe peke yake, isichanganywe na ya LUKU na sokoni.

Kuanzia saa 5 asubuhi kazi inahamia barabarani. Oda za siku hiyo hiyo zifungwe saa 6 mchana, zaidi ya hapo ziwe za kesho, na mteja aambiwe hivyo bila kuzungushwa. Zipangwe kwa barabara: Morogoro kuelekea Kimara na Mbezi, Bagamoyo kuelekea Mwenge, Tegeta na Bunju, Nyerere kuelekea Ukonga na Gongo la Mboto, Kilwa kuelekea Mbagala, na Kigamboni peke yake kwa sababu ya kivuko au daraja. Boda mmoja mwenye mizigo minne ya njia moja anakubali bei ambayo hawezi kukupa kwa mzigo mmoja mmoja.

Ugomvi mkubwa ni nani alipe nauli mteja akikataa mzigo au akizima simu. Utaratibu uliozoeleka na unaofanya kazi ni nauli ilipwe kwanza, bei ya mzigo ilipwe akiuona. Mteja wa Mbagala anayetuma 6,000 ya boda mapema atakuwepo nyumbani. Anayegoma kulipa nauli na kudai "nitalipa vyote hapa hapa" huenda ni mkweli, ila ukifanya hivyo kwa kumi, wawili watakuachia boda getini. Ukurasa mpya usio na historia utalazimika kubeba hatari hiyo kwa miezi michache. Ukurasa wenye picha za wateja waliopokea mizigo yao una haki ya kukataa.

Wa mikoani walipe vyote kabla. Mabasi mengi ya Mwanza, Mbeya na Arusha huondoka alfajiri, hivyo mzigo ufike ofisi ya basi, iwe Shekilango au Stendi ya Magufuli, jioni ya siku iliyotangulia. Jina na namba ya simu ya mpokeaji viandikwe pande mbili za boksi kwa kalamu nzito, maana karatasi iliyobandikwa hung'oka. Piga picha ya risiti, mtumie mteja pamoja na namba ya ofisi ya upande wa pili. Hatua hiyo inachukua dakika moja na inaondoa simu sita za "mzigo wangu uko wapi".

Kwenye malipo, meseji ya muamala iliyotumwa na mteja kama picha si malipo. Kuna meseji za kughushi zinazofanana na za kweli hadi nukta. Angalia salio kwenye menyu au meseji iliyotoka kwa mtandao wako, na boda asiachie mzigo kwa kuonyeshwa skrini ya mteja. Asubiri uthibitisho wako kwa simu. Pokea kwa Lipa Namba kuliko namba ya kawaida. Aliyetuma kwa namba ya mtu binafsi anaweza kudai amekosea na kuomba muamala urudishwe, tena mzigo akiwa ameshauvaa.

Mchana baada ya boda kuondoka kuna utulivu wa saa mbili hivi. Hapo ndipo posti za jioni zitengenezwe, si asubuhi. Jioni kuanzia saa 12 simu zinafunguka kwenye daladala, na mtu wa masoko awe mezani, amekula, simu imechajiwa, pawabenki pembeni. Status nane za WhatsApp kwa siku zinatosha. Ikifika thelathini, ule mstari wa juu unageuka nukta nukta na watu wanaruka yote. Orodha ya WhatsApp ya kuwatumia watu wengi ujumbe mmoja inachukua namba 256, lakini ujumbe humfikia aliyeihifadhi namba yako tu. Kwa hiyo kila aliyelipa aombwe kuhifadhi namba, siku ile ile anayopokea mzigo akiwa na furaha nao.

Kuna njia ya mkato ya kununua orodha za namba. Zinauzwa, na ni takataka. Watu usiowajua wakikuripoti, WhatsApp huifungia namba yako pamoja na wateja wote waliomo. Isitoshe, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika tangu Mei 1, 2023, na namba ya simu ya mtu ni taarifa binafsi: inataka ridhaa na sababu. Hata namba za wateja wako mwenyewe hazipaswi kumfikia muuza bidhaa mwingine kwa "kubadilishana wateja".

Usiku, kabla ya kulala, daftari. Tarehe, jina, bidhaa, bei ya kununulia, bei ya kuuzia, nauli, na mteja alitokea wapi: tangazo, status, au aliletwa na mwenzake. Safu ya mwisho ndiyo inayorukwa na ndiyo inayoamua matumizi ya mwezi ujao. Orodha hiyo ikae pia nje ya WhatsApp, ikiwa na namba za simu. Oktoba 4, 2021 huduma zote za Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa takriban saa sita. Mei 12, 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika na intaneti ikadorora Afrika Mashariki. Mwishoni mwa Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Mwenye namba kwenye daftari aliweza kupiga simu au kutuma meseji ya kawaida kuhusu mzigo ulioko njiani.

Mwezi nao una mwendo wake. Mishahara ikiingia, kuanzia kama tarehe 25 hadi 5, watu wanalipa. Tarehe 12 hadi 20 wanauliza. Bajeti ya tangazo iliyogawanywa sawa kwa siku 30 inalipia maswali ya katikati ya mwezi kwa fedha ya oda za mwisho wa mwezi. Januari ni ada na sare, viatu vya mitindo vinalala. Ramadhani mchana huwa mtulivu, simu zinaamka baada ya futari na kuendelea hadi usiku mkubwa, na mwenye kazi hii asogeze saa zake badala ya kulalamika kwamba soko limekufa.

Limebaki suala la malipo ya mtu wa masoko anayefanyia wengine. Kanuni zilizotoka Machi 2025 zinakataza kuweka bei za huduma za ndani kwa fedha za kigeni, hivyo ankara ni ya shilingi ilhali tangazo umelilipia kwa dola kwa kiwango cha benki yako. Ukichanganya ada yako na fedha ya tangazo kwenye ankara moja unaumia mara mbili. Mteja wa kampuni hukata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye ada ya huduma. Ada yako ikiwa 600,000, utapokea 570,000 na utadai cheti cha hiyo 30,000. Lakini ukiandika ankara ya milioni moja, 600,000 yako na 400,000 ya tangazo, anakata 50,000, na 20,000 ya hapo imekatwa kwenye fedha ambayo haikuwa yako kabisa. Dawa ni mteja aweke kadi yake mwenyewe kwenye akaunti ya matangazo iliyo chini ya jina lake, wewe upewe ruhusa ya kuiendesha. Ukurasa na akaunti vikiwa vyake, hakuna mateka siku mkiachana. Uthibitisho wa hatua mbili uwashwe kwa wote wenye ruhusa, maana kurasa nyingi huibiwa kwa kiungo kinachoahidi tiki ya bluu.

Wenye maduka wengi siku hizi wanataka kulipa kwa kamisheni tu: lete mteja, nikupe asilimia. Ukubali kama simu ya inboksi iko mkononi mwako. Ikiwa anayejibu ni mhudumu wa dukani, ambaye mchana anauza kaunta na saa 12 jioni anazima simu ya ofisi na kuiacha kwenye droo, chukua ada ya mwezi isiyotegemea oda, na kwenye mkataba aandikwe kwa jina ni nani anajibu, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, na ndani ya dakika ngapi.